Uchachu Umeshuka

Kuna nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Kulitaja bila kibali ni kosa, na kuomba kibali ni kukiri kwamba ulikuwa na nia ya kulitaja. Itoshe kusema ni nchi yenye mlima mmoja, kiwanda kimoja, na waziri mmoja mwenye wizara tano. Mimi simo katika mambo haya. Nasimulia tu nilivyosikia, na nilivyosikia ndivyo vilivyokuwa.

Kiwanda kilikuwa cha kuyeyusha shaba. Kilijengwa kando ya mji mkuu ili viongozi wakione kutoka madirishani mwao na kufurahi. Wakakiona, wakafurahi, na mwezi wa pili wakaanza kukohoa. Siku Mkuu wa Nchi alipokohoa mara saba katikati ya hotuba kuhusu afya bora, tume iliundwa. Tume ikakaa, ikala, ikakaa tena, ikapendekeza dohani irefushwe. Ikarefushwa mpaka ikapita minara ya dini zote, na moshi ukapaa juu ya vichwa vya waheshimiwa, ukavuka bonde, ukaenda kutua mlimani msituni. Tume ilipoulizwa moshi umekwenda wapi, ilijibu kwamba umekwenda mahali pengine. Kwa kuwa mahali pengine hapakuwa na mbunge, hoja ilifungwa.

Mtumishi mmoja tu wa serikali alikuwa akitumwa mahali pengine. Aliitwa Nakijwa, Mpimaji wa Udongo Daraja la Tatu, mwanamke mwembamba aliyevaa buti za mpira hata kwenye harusi. Alizaliwa Kwembago, kijiji cha nyumba kumi na tisa chini kidogo ya msitu ule, na mama yake, Bi Namkunda, alikuwa bado anaishi huko, akilima iliki kwenye kivuli cha mikulo, ile miti mirefu ya mlimani. Kila mwezi wa Juni Nakijwa alipanda hadi kwenye kiwanja cha kupimia, mlimani juu ya nyumba ya mama yake, akachimba udongo, akaukoroga na maji safi, akatumbukiza mita. Kiwanja kilikuwa hicho kimoja nchi nzima, kwa hiyo namba yake ndiyo ilikuwa namba ya taifa.

Kuhusu namba hiyo naomba msomaji anivumilie kidogo, maana watu wamekufa kwa sababu yake. Mita ya uchachu huhesabu kinyumenyume. Maji safi ni saba. Sabuni ya kufulia ni kumi. Ndimu ni mbili. Yaani namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkubwa, na namba ikishuka, uchachu umepanda. Mtoto wa darasa la sita akielezwa mara moja anaelewa. Waziri alielezwa mara nne.

Mwaka wa kwanza mita ilisoma tano nukta sita. Mwaka wa pili, dohani ikiwa imekwisha kukomaa, ilisoma tano nukta tatu. Nakijwa, aliyekuwa na miaka ishirini na mitano na haraka ya kuwahi basi, aliandika ukurasa wa kwanza wa ripoti yake hivi: "Kipimo cha uchachu kimeshuka." Maana yake, kwamba udongo unaharibika, aliiweka ukurasa wa pili. Katika nchi ile hakuna kiongozi aliyewahi kufungua ukurasa wa pili.

*

Waziri aliitwa Mheshimiwa Sifaeli Mapambio. Alikuwa na sauti nzuri, na mtu mwenye sauti nzuri hapati shida kutafuta la kusema. Jumamosi hiyo alisimama uwanjani, akainua ripoti juu.

"Ndugu wananchi! Walisema moshi utatumaliza. Walisema mlima utakufa. Wataalamu wetu wamepima, tena wamepima kwa mashine! Moshi umepanda, uchachu umeshuka! Wako wapi wapinga maendeleo?"

Watu wakatazamana kuwatafuta. Hakuna aliyejitokeza.

"Uchachu!" akapiga kelele Mheshimiwa.

Umati ukasita kidogo, kisha ukashika. "Umeshuka!"

"Uchachu!"

"Umeshuka!"

Mwaka haujaisha, hiyo ikawa salamu ya taifa. Mikutano ilifunguliwa kwayo. Maharusi waliitikia kabla ya kukata keki. Padri na shehe waliombwa waifikirie, wakasema wataifikiria.

Nakijwa alikwenda kwa mkurugenzi wake, Bwana Kitojo, mtu mpole mwenye meza kubwa na woga uliozidi meza.

"Shikamoo, Bwana Mkurugenzi. Kuna kosa dogo kwenye hotuba ya Mheshimiwa."

"Marahaba." Kitojo aliinuka akafunga mlango. "Kosa la nani?"

"Namba ikishuka, bwana, uchachu unapanda. Udongo wa kule juu unaharibika."

"Unasema Mheshimiwa amekosea?"

"Sisemi hivyo. Nasema mita inahesabu kinyume."

"Ahaa! Basi kosa ni la mita." Akashusha pumzi. "Iandikie barua ya onyo."

Barua iliandikwa. Ipo mpaka leo katika faili la mita, imegongwa muhuri, na nakala yake imebandikwa kwa gundi kwenye kisanduku chake ili isijifanye haikuipata.

Nakijwa alipokuwa anatoka, Kitojo alimwita. "Halafu, binti yangu. Lile neno 'kimeshuka', aliliandika nani?"

"Mimi."

"Basi nenda kazini," alisema Kitojo, bila ukali wowote. Nakijwa akaenda, na neno lile likaenda naye, miaka ishirini na minane.

*

Mlimani mambo hayakutokea kwa kishindo, na ndicho kilichowaponza watu. Udongo hauna kelele. Kila mvua ilishuka na chembe za dohani, na udongo ukazipoza kwa chokaa yake wenyewe, ile iliyowekwa akiba na mawe na majani kwa maelfu ya miaka. Ulivumilia mwaka, ukavumilia mwingine. Akiba ilipokwisha, alumini iliyokuwa imelala ndani ya mchanga, ile ile ya sufuria za jikoni, ikaamka na kuanza kuunguza vimizizi.

Mwaka wa nane nyungunyungu walitoweka. Mwaka wa kumi na moja majani yaliyoanguka yalikataa kuoza, yakarundikana mwaka juu ya mwaka, kama nguo za marehemu ambazo hakuna anayetaka kuzigawa. Mwaka wa kumi na tano konokono walikuwa na magamba ya kubonyea, na ndege waliowala konokono hao walitaga mayai yaliyopasuka chini ya uzito wa mama zao. Mwaka wa ishirini mikulo ilianza kukauka kuanzia vileleni. Mita ilikuwa imefika nne nukta mbili, na Mheshimiwa alikuwa na nishani tatu.

Kila ugonjwa ulipewa jina zuri. Majani yasiyooza yaliitwa Hazina ya Taifa ya Majani, akawekwa mlinzi. Miti iliyokauka juu ilielezwa kuwa inapunguza mzigo, kama watumishi wa umma walivyoagizwa. Kijito nacho kikawa kiangavu hata ukaweza kuhesabu changarawe, kwa kuwa hapakuwa na ukoga, kiluwiluwi wala kaa wa kuyatibua maji. Mheshimiwa alichota kwa kiganja mbele ya kamera, akanywa.

"Oneni wenyewe!" akasema. "Hayana hata mdudu mmoja!"

Hiyo ndiyo kauli pekee ya kweli iliyowahi kutangazwa na televisheni ya taifa, na waliirudia mara tatu.

Bi Namkunda hakuwa na televisheni wala mita. Alikuwa na ulimi. Wanawake wa Kwembago wakiwa na mimba hula udongo, na udongo wao ni wa mteremko ule ule, wanaukausha juani na kuuvunja vipande. Juni moja Nakijwa aliposhuka na sampuli zake alimkuta mama yake ameketi kizingitini, bonge la udongo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo hapa. Huu nilikula miezi minne mfululizo nilipokuwa nawe tumboni. Baba yako aliona aibu, akasema mke wangu ananimalizia mlima. Ulikuwa mtamu, una harufu ya mvua ya kwanza. Haya, onja."

Nakijwa akaonja. Meno yakamsisimka.

"Umechacha," alisema mama yake. "Kama uji wa juzi."

"Wizarani wanasema umeshuka."

"Mwambie waziri wako aje aulambe." Bi Namkunda akainuka, akashika mche wa mkulo uliokuwa nyuma ya jiko, akauvuta kwa mkono mmoja. Ukatoka bila kubisha. Mizizi yake ilikuwa ya kahawia, imekatika kama uzi ulioungua. "Unaona? Huu mlima ni mzigo wa kuni, mwanangu, na mizizi ndiyo kamba. Kamba ikioza, mzigo unakaa kichwani siku mbili tatu kwa mazoea tu."

"Na kichwa ni nani?"

"Sisi," alisema mama yake, akautupa mche.

Tangu siku ile Nakijwa hakuwa na jambo jingine moyoni. Aliogopa, na woga wake ulikuwa na anwani: nyumba ya nne kutoka juu, mlango wa bluu. Aliomba rasmi Kwembago ihamishwe. Jibu lilikuja baada ya miezi kumi na minne, kwa herufi za kupendeza. Wizara ilisema kijiji kilicho chini ya udongo unaoongoza kitaifa hakiwezi kuhamishwa, na kwamba kinyume chake, mipango inafanywa ili wengine wahamie.

Zikahamia kaya sita.

*

Dohani ilipokaribia kutimiza miaka thelathini, Mheshimiwa alitangaza lengo. Uchachu ungeshushwa mpaka sifuri ifikapo Jubilei ya dohani. Mabango yalipandishwa kila barabara: SIFURI INAWEZEKANA. Shule zilishindana kuichora. Mwanafunzi mmoja aliyepata sifuri katika hesabu alipelekwa bungeni akapigiwa makofi. Na kwa kuwa wataalamu walikuwa wameonyesha kwa takwimu kwamba moshi ukizidi kipimo hushuka, kiwanda kiliagizwa kuondoa kichujio chake kimoja, ambacho hata hivyo kilikuwa kimeziba.

Sasa, katika nchi ile kuna desturi ambayo huenda msomaji ameisikia kwingine. Mgeni rasmi akija mahali, mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa. Hospitali inaweza kukosa bandeji, lakini mawe ya getini yatakuwa meupe pe. Kila mwaka Mheshimiwa alikuja mlimani kutazama mita ikisomwa, na kila mwaka wizara ilipeleka magunia sitini ya chokaa kwa ajili ya mawe ya njia nzima, kutoka barabarani hadi kiwanjani. Mheshimiwa, kwa kuwa na mwili mzito, hakuwahi kupita kona ya kwanza. Mita iliteremshwa ikamfuata, namba ikiwa imeshaandikwa kwenye karatasi.

Nakijwa aliyatazama magunia yale mwaka wa ishirini na saba, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alicheka peke yake. Chokaa! Kile udongo ulichonyang'anywa kimeletwa na serikali yenyewe, kwa gari la serikali, hadi mlangoni.

Walipaka mawe mpaka kona ya kwanza, gunia moja na nusu. Yaliyobaki wanawake wa Kwembago waliyapandisha vichwani, wakanyunyiza chokaa kwa mikono katika mteremko wote ulio juu ya kijiji, kama mtu anavyotia chumvi kwenye chungu kikubwa. Bi Namkunda, aliyekuwa amepita miaka sabini, alikataa kukaa nyumbani. Alibeba ndoo ndogo, akawa anaimba wimbo wa matusi kuhusu waziri, wenye beti kumi na mbili.

Mwaka uliofuata walifanya vile vile, na mwaka uliofuata tena. Kwenye ripoti Nakijwa aliandika namba za uongo, akizishusha kidogo kila mwaka ili wizara isishtuke. Mlimani, chini ya mikulo iliyozeeka vibaya, majani yakaanza kuoza tena. Miche iliyochipua ilikataa kung'oka. Asubuhi moja Bi Namkunda alipiga yowe shambani, majirani wakakimbia na mapanga wakidhani ni nyoka.

"Nyungunyungu!" alikuwa akilia, ameketi chini, mdudu akijinyonganyonga kiganjani. "Jamani, amerudi huyu!"

Nakijwa alipopima alipata nne nukta tisa. Alikaa kwenye jiwe, akasoma tena, akaacha machozi yatoke.

*

Aliyeharibu mambo alikuwa daktari. Juni ya mwisho kabla ya Jubilei alimwambia Mheshimiwa atembee kwa miguu, moyo wake umezingirwa na mafuta. Basi Mheshimiwa alifika kona ya kwanza, na badala ya kukaa kwenye kiti alichowekewa, akaipita. Watu wa itifaki walibaki wamekodoa macho. Hakuna aliyewahi kujua nyuma ya kona kuna nini.

Nyuma ya kona kulikuwa na mawe ambayo hayajapakwa chokaa.

"Nini hii?" aliuliza Mheshimiwa, sauti ikitetemeka. "Mawe haya ni ya rangi gani?"

"Ya mawe, Mheshimiwa," alijibu Kitojo, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Wakaifuata chokaa kwa macho. Waliikuta chini ya miti, nyeupe katikati ya majani. Mheshimiwa akadai mita itumbukizwe hapo hapo, mbele ya kamera, ili taifa lishuhudie sifuri ikikaribia. Mita, ambayo onyo lake lilikuwa bado limebandikwa kisandukuni, haikuwa imejifunza adabu. Ilisoma tano kamili.

"Imepanda," alisema mpiga picha, akajuta.

Nakijwa alishtakiwa kwa makosa mawili: kuacha mawe ya serikali uchi, na kupandisha.

Mahakama ilijaa. Kielelezo cha kwanza kilikuwa nyungunyungu ndani ya chupa, akiwa hai. Mwendesha mashtaka alimzungusha ili kila mtu amwone.

"Mheshimiwa Hakimu, kiumbe huyu hakuwepo mlimani kwa miaka zaidi ya ishirini. Amerejea kwa mwaliko wa mshtakiwa."

Nakijwa aliomba kueleza. Alieleza vizuri, polepole, kama mtu aliyerudia maneno hayo kitandani kila siku tangu ujana. Alisema maji ni saba, sabuni kumi, ndimu mbili.

"Ngoja," alisema hakimu. "Ndimu na sabuni, chenye uchachu zaidi ni kipi?"

"Ndimu, Mheshimiwa."

"Na chenye namba kubwa?"

"Sabuni."

"Kwa hiyo unaiambia mahakama hii kwamba mbili ni nyingi kuliko kumi?"

"Kwa mita hii, ndiyo."

Kicheko kikazuka hata kwa polisi. Hakimu aligonga meza, akafuta machozi, akaandika.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema Nakijwa, "niacheni mimi. Nifungeni. Lakini ile chokaa msiiguse. Mizizi imeanza kushika. Chini yake kuna nyumba ishirini na tano. Yupo mama yangu."

"Mahakama imesikia kuhusu mama," alisema hakimu. "Kila mshtakiwa ana mama."

Adhabu ilikuwa ya haki, kwa maana kwamba ilimrudishia mkosaji kosa lake. Udongo wote uliotiwa chokaa ukwanguliwe na kuondolewa, kwa majembe, mpaka kipimo kirudi kilipokuwa. Nakijwa asimamie, apime, asaini.

*

Walipelekwa vijana mia mbili wa jeshi la kujenga taifa. Walikuwa vijana wazuri, wanaimba, wanawasalimu wazee. Walikwangua kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Februari. Pamoja na udongo waliondoa Hazina ya Taifa ya Majani, miche yote, na vimizizi vipya vyeupe vilivyokuwa laini kama nywele za mtoto mchanga. Walipomaliza, mteremko ulikuwa mwekundu mtupu kutoka msituni mpaka kwenye choo cha nyumba ya kwanza. Mikulo mikubwa ilibaki imesimama, mizizi nje, haina cha kukamata.

Siku ya mwisho Nakijwa alikwenda nyumba yenye mlango wa bluu.

"Mama, twende mjini. Leo. Masika ni wiki mbili hizi."

"Iliki yangu je?"

"Iliki itaota kwingine."

"Baba yako naye ataota kwingine?" Bi Namkunda alielekeza kidevu kaburini, hatua kumi kutoka jikoni. Kisha akaona uso wa binti yake, akalainika. "Sikiliza. Jana nilikwenda kituoni kuomba kibali cha kuhama. Wameniambia anayehama Kwembago kabla ya Jubilei anatia shaka lengo la taifa. Wameweka kizuizi pale darajani. Wewe unapita kwa sababu una sare."

"Nitakuvalisha hii sare."

"Na buti zako? Miguu yangu mikubwa kuliko yako tangu zamani." Akacheka, akamshika shavu. "Nilikula mlima huu nikakuzaa wewe, Nakijwa. Kama nao utanila, tutakuwa hatudaiani. Nenda kaandike namba yao."

Sitasema kwamba Nakijwa aliondoka akiwa na matumaini. Aliondoka kwa sababu gari la wizara lilipiga honi, na askari aliyekuwa ndani alishuka akamshika mkono.

Masika ilianza Jumatatu. Alhamisi, saa nne asubuhi, Nakijwa alikuwa amesimama mbele ya meza ya Kitojo akiomba kwa mara ya tisa ruhusa ya kwenda, pale mtu alipoingia bila kubisha hodi. Alikuwa mwanamume wa Kwembago, mmoja wa waliokuwa wamezuiliwa pale darajani, tope mpaka masikioni. Alimtazama Nakijwa, si mkurugenzi.

"Mlima umeshuka," alisema.

*

Walimruhusu kwenda, kwa sababu namba ilihitajika. Jubilei ilikuwa Jumapili.

Hakukuta kijiji. Alikuta mwamba, mrefu, mweusi, umeoshwa safi, maji maangavu yakiuteremkia bila kuzuiwa na kitu. Udongo wote wa mteremko, pamoja na mikulo, iliki, makaburi ya zamani na nyumba ishirini na tano, ulikuwa umelala bondeni, na watu walikuwa wanauchimba kwa sahani za chakula. Alichimba nao siku mbili. Walipata mlango wa bluu. Nyuma ya mlango hawakupata ukuta.

Jumamosi Kitojo alikuja mwenyewe, na fomu, na mwavuli. Alikuwa ametoa machozi njiani. Macho yake yalionyesha. Lakini fomu ni fomu.

"Pole sana, binti yangu. Pole. Nipe tu namba ya kiwanjani, nisikusumbue."

"Hakuna udongo," alisema Nakijwa.

"Nimeelewa. Lakini kipimo ni ngapi?"

"Hakuna kitu cha kupima, Bwana Kitojo. Kimebaki jiwe. Hakuna."

Kitojo aliitazama fomu. Kisanduku kilitaka tarakimu. Alifikiri, mvua ikigonga mwavuli, kisha mkono wake ukaandika kitu cha mviringo, polepole, kama mtu anayechora kitu kwa mara ya kwanza. Aliandika sifuri.

Kwa hiyo lengo lilifikiwa, siku moja kabla ya muda. Nakijwa alisamehewa makosa yote, kwa kuwa mshtakiwa wa kupandisha ndiye aliyesaini kushuka, na hilo liliwapendeza waandishi wa hotuba. Jumapili walimvika nguo kavu, wakampandisha jukwaani mbele ya watu elfu arobaini, na Mheshimiwa akamning'iniza Nishani ya Sifuri juu ya moyo. Ilikuwa ya shaba.

"Ndugu wananchi! Msiba wa Kwembago tunao mioyoni. Lakini mvua ni kazi ya Mungu, na sifuri ni kazi yetu! Huyu hapa shujaa aliyeandika neno la kwanza miaka ishirini na minane iliyopita. Tumpe nafasi atusalimie!"

Akampa kipaza sauti. Nakijwa alikishika kwa mikono miwili. Kucha zake zilikuwa bado nyekundu. Alitazama umati, nao ulimtazama ukiwa tayari, vinywa nusu wazi, kama watu wanaosubiri kitu wanachokijua vizuri.

"Mlima!" aliita.

"Umeshuka!" waliitikia.

Alidhani hawakumsikia. Akavuta pumzi, akaita tena, kwa sauti ambayo mtu huitumia kumwita aliye ng'ambo ya bonde.

"Mlima!"

"Umeshuka!"

Mheshimiwa alikuwa akipiga makofi. Bendi ilikuwa imeshaudaka mdundo. Nakijwa aliita mara ya tatu, akilia sasa waziwazi, na mara ya tatu waliitikia vizuri zaidi, wengine wamesimama, watoto wamebebwa mabegani ili waone.

"Umeshuka!"